Nyongeza ya Tarehe Tano

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu milango ifunguliwe, mfuko wa plastiki mapajani, na mlinzi alikuwa ameshamwuliza mara tatu kama anangoja mtu au anapumzika tu. Ndani ya mfuko mlikuwa na mashati mawili, kandambili, na chupa ya dawa za kifafa ambayo kizibo chake kilizungushiwa gundi ya karatasi kisifunguke njiani. Soli ya kiatu chake cha kulia ilikuwa imeachia upande mmoja. Kwa siku nane alikuwa amezunguka vituo vitano vya polisi na magereza mawili, na kote alijibiwa kitu kile kile: jina hilo hatuna hapa.

Mzee Nukta alipoitwa alitoka na rula mkononi, kwa kuwa alisahau kuiacha mezani. Alikuwa msahihishaji, mtu wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, miwani imeshikwa na uzi nyuma ya kisogo. Jina lake la kuandikishwa lilijulikana na ofisi ya mishahara tu. Wengine wote katika Kiwanda cha Chapa cha Serikali walimwita Nukta, kwa sababu aliwahi kusimamisha mashine nzima kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana kwenye orodha ya leseni za mabucha. Alijifanya kuchukia jina hilo, lakini asiyemwita hivyo alimwona kama hamjui vizuri.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Bado?"

"Bado."

Alikuwa binti wa marehemu kaka yake. Alimlea tangu ana miaka tisa, akamsomesha, akamwoza kwa Fundi Redio kwa mikono yake miwili, huku mkewe akinung'unika kwamba mtu anayeongea na waya mchana kutwa atakuja kumchosha mtoto wa watu. Hakumchosha. Walikuwa wanacheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

Fundi Redio hakuwa mwanasiasa. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na mdomo usio na breki, basi. Watu wa mtaa wake walipoandikiwa barua ya kuhama ndani ya wiki mbili waliamua kuandamana, na kipaza sauti chao kikafa siku moja kabla. Wakampelekea. Akakitengeneza bure, akatoka nacho barabarani kukijaribu: "Moja, mbili. Moja, mbili. Hatuhami!" Watu wakavunjika mbavu. Siku tatu baadaye, Jumatatu ya tarehe mosi, wanaume wanne waliovaa kiraia waliingia kibandani na kumkuta na simu mbili za upepo, mali ya kampuni ya walinzi, zilizoletwa kubadilishwa betri. Hizo ndizo zilizokuja kuitwa mitambo ya mawasiliano inayohatarisha usalama wa taifa.

"Baba Mdogo, wakili kanipa swali nikuletee," binti alisema. "Anasema ni wewe utakayejua. Jina lake limetoka kwenye Gazeti?"

Si gazeti la habari alilolisema. Ni Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa bila picha wala kichekesho, limejaa mirathi, leseni, hati za ardhi zilizopotea na amri za wakubwa. Halisomwi ila na mwenye shida. Lakini jambo la serikali lisipotoka humo, kisheria ni kama halijatokea.

Nukta aliketi kando yake. Alikuwa kijana, mgeni kazini, Katiba ilipoletwa kupigwa chapa, naye akapewa kusoma sura ya haki. Walioiandika walikuwa wameona watu wakichukuliwa alfajiri na wasirudi, kwa hiyo wakaweka ibara moja ya kumfunga Rais mikono. Aliijua kwa moyo: Rais aweza kuamuru mtu azuiliwe kwa ajili ya usalama wa taifa, lakini jina la mtu huyo na sababu ya kuzuiliwa kwake vitatangazwa katika Gazeti Rasmi ndani ya siku saba, na visipotangazwa mtu huyo ataachiwa mara moja. Siku ile aliisoma akahisi kama naye kaiandika kidogo.

"Halijatoka," alisema. "Toleo la Ijumaa, tarehe tano, nimelisoma mwanzo mpaka mwisho. Halimo."

"Una hakika?"

"Mwanangu, mwaka wa kuzaliwa mke wangu naweza kuukosea. Hilo siwezi. Siku ya saba ilikuwa jana. Wamechelewa. Na Katiba haisemi watamfikiria, inasema ataachiwa mara moja."

Binti aliinamisha uso kwenye mfuko, mabega yakamtikisika. Alipoinua macho yalikuwa mekundu, lakini kwa mara ya kwanza tangu tarehe mosi alikuwa na uso wa mtu anayetaka kula.

"Na wakisema lilitoka, sisi hatukuliona?"

"Watalitoa wapi?" Nukta akanogewa. Alipenda kuulizwa mambo ya kazi yake, na nyumbani hakuna aliyemwuliza. "Sikiliza. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kila tunachochapa huwa na maandishi madogo kama sisimizi. Namba ya mashine, na siku mashine ilipochapa. Tunaita alama ya kazi. Fundi mitambo huiweka mwenyewe, wakubwa hata hawajui kama ipo. Mwambie wakili wako. Mtu akitaka kudanganya na Gazeti, alama ya kazi itamwumbua."

Aliyasema hayo kifua mbele, rula ikigonga goti. Baadaye angetoa chochote ili awe ameyameza.

Wakili alifungua kesi Jumatano. Mahakama ikapanga kuisikiliza Jumatatu, tarehe kumi na tano. Alhamisi, saa nane mchana, Mkurugenzi wa Kiwanda alimwita Nukta ofisini kwake, na kitu cha kwanza Nukta alichokiona ni kwamba Mkurugenzi hakuwa amekaa kwenye kiti chake. Alikuwa amesimama dirishani. Kwenye kiti alikaa mgeni, mtu wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, mpole, glasi ya maji mbele yake.

"Karibu, mzee wangu, karibu ukae," mgeni alisema, kama ofisi ni yake. "Nimesikia sifa zako. Ni wewe uliyebuni namba za akiba?"

Ni yeye. Kila tangazo la serikali lina namba yake, na namba hufuatana, haziruki. Zamani tangazo moja likichelewa lilisubiri wiki nzima, na waliokuwa wakichelewa mara nyingi ni wajane wa mirathi, watu wasiojua njia za ofisi. Nukta akaona njia: mwisho wa kila toleo aache namba tatu tupu, ili aliyechelewa atolewe kwenye Nyongeza, karatasi ndogo ya pembeni yenye tarehe ya toleo lile. Wajane walimwombea dua. Mkurugenzi wa wakati huo alimpa cheti, na cheti kilikuwa sebuleni kwake, kwenye fremu.

"Ni utaratibu mdogo tu, bwana," alisema.

"Mzuri sana. Toleo la tarehe tano, zimebaki ngapi?"

"Tatu."

"Nitahitaji moja."

Mgeni alisukuma karatasi juu ya meza. Tangazo la Serikali, kwa amri ya Rais, kwa ajili ya usalama wa taifa, watu wafuatao wanazuiliwa. Majina kumi na tisa, yameorodheshwa kwa namba. Fundi Redio alikuwa wa kumi na moja. Namba ishirini ilikuwapo, imepigwa taipu, na mbele yake hapakuwa na jina.

Nukta aliisoma mara mbili. 

"Leo ni tarehe kumi na moja, bwana," alisema. "Siku saba zimepita. Katiba..."

"Katiba ni nzuri mno. Sina ugomvi nayo." Mgeni alikunywa maji kidogo. "Lakini walioiandika walikaa mezani miaka miwili, wana chai na vitafunio. Sisi adui hatupi miaka miwili. Wakati mwingine karatasi inachelewa nyuma ya kazi. Je, nchi iache watu hatari watoke kwa sababu karatasi imechelewa? Wewe mwenyewe ulisema hapana, ulipobuni namba zako."

"Zile zilikuwa za wajane."

"Ni namba, mzee. Hazijui nani mjane."

Mkurugenzi alikohoa pale dirishani. "Nyongeza si kitu kipya," alisema, bila kugeuka. "Tunachapa kila mara."

"Tena najua namba kumi na moja ni mkweo," mgeni akaendelea, na sauti yake ikawa laini zaidi. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe badala ya kutuma watu. Nikuambie ukweli. Sasa hivi mkweo hayupo popote. Hakuna kitabu chenye jina lake. Asiyekuwepo hapelekewi dawa, na nasikia anaumwa. Tukimtangaza, atakuwa na gereza, atakuwa na namba, atakuwa na siku ya kupokea vitu. Sioni nani anaumia."

"Na kama mimi... kama nikisema siwezi?"

Mgeni hakukasirika. Aliweka kidole kwenye mstari wa ishirini, pale palipokuwa patupu, akakiacha hapo kwa muda, kisha akakiondoa. "Hapo mpiga taipu alihesabu vibaya," alisema. "Utapafuta, au vipi? Ni kazi yako kuona makosa."

Nukta aliichukua karatasi. Hakukumbuka kama aliaga. Alichokumbuka ni kwamba koridoni alisimama akakata namba ishirini kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja ulionyooka, na akaona afueni kama ya mtu aliyetolewa jino. Afueni hiyo ndiyo iliyomtia aibu kabla ya kingine chochote.

Saa kumi kasoro, fundi mitambo alimletea nakala ya majaribio. Huyu alikuwa mzee mwenzake, mtu mzito, mikono myeusi kwa wino hadi kwenye viwiko, aliyezoea kuongea maneno kumi kwa siku. Aliiweka mezani akasimama hapo hapo. Kwa kawaida aliiacha na kwenda zake.

Nukta alishika rula akaanza. Alisoma kama alivyosoma maelfu ya karatasi nyingine, maana hakujua namna nyingine ya kusoma. Kichwa cha tangazo sawa. Namba ya akiba imekaa mahali pake. Tarehe tano, sawa. Jina la kwanza, la pili. Kwenye la kumi na moja rula ilisita, akaisogeza. Alirekebisha nafasi kati ya aya mbili. Akafika mwisho wa ukurasa, chini kabisa, kwenye yale maandishi ya sisimizi, na pale palikuwa pameandikwa mashine ya pili, tarehe kumi na moja.

Mkono wake ulipiga duara jekundu. Ukaandika pembeni: tano.

Hakuna aliyemwambia. Mgeni hakuijua alama ya kazi, Mkurugenzi hakuijua. Angeweza kuipita. Angeweza kusema macho yamechoka, mtu wa miaka hamsini na tisa, nani angemlaumu? Lakini mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, kama unavyokwenda kukuna mahali panapowasha, na alipoinua kalamu duara lilikuwa limeshafungwa.

Fundi mitambo aliinama akalitazama.

"Hiyo pia umeiona," alisema.

"Nimeiona."

"Basi wewe ni Nukta kweli."

Aliichukua karatasi akaondoka. Hapo ndipo Nukta alipoelewa. Yule mzee hakusahau kubadilisha tarehe. Alikuwa ameiacha kwa makusudi, akasimama mezani roho mkononi, kuona kama itapita. Kulikuwa bado na nafasi ya kumkimbilia, koridoni pale, hatua ishirini, kumwambia rudisha, iache kama ilivyokuwa. Nukta alifikiria mstari wa ishirini. Alifikiria dawa za kifafa. Alifikiria mambo mengi kwa haraka sana, na wakati anafikiria mashine ikaanza kuunguruma.

Zilichapwa nakala kumi na mbili.

 Nyumbani mkewe alipomwuliza mbona hali chakula, alisema tumbo. Jumapili binti alikuja kuwasalimu, amesuka nywele, amevaa viatu vya kuazima. Aliwaambia wakili amesema kesi kama hii haijawahi kuwa nyepesi, ni kama kumsukuma mlevi. Alimshika Baba Mdogo mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bila wewe tungekuwa bado tunapigwa chenga getini," alisema. "Nimemwambia wakili kila kitu ulichonieleza. Kaandika kwenye daftari, kapigia mstari."

Sasa ndiyo sasa, Nukta alijiambia. Mkewe alikuwa jikoni. Walikuwa wawili tu. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Umekula?"

Mahakama ilijaa. Wake na mama wa wale wengine kumi na wanane walikuwa wamesikia, wakaja, wakasimama kando ya kuta kwa kukosa viti. Jaji alikuwa mama wa umri wa Nukta, mkavu wa sura, anayeandika kila kitu kwa mkono wake. Wakili wa Serikali alisimama kwanza akasema kwa heshima kwamba mambo ya usalama wa taifa ni ya Rais, na mahakama haina macho ya kuyaona.

"Mahakama haiulizi Rais anajua nini," Jaji alisema. "Inauliza kama alitangaza ndani ya siku saba. Hapo Katiba ndiyo iliyomwekea ukuta, si mimi. Ametangaza?"

"Ametangaza, Mheshimiwa Jaji. Siku ya tano."

Akatoa Nyongeza.

Minong'ono ilipita ukumbini. Wakili wa binti, kijana mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, aliipokea karatasi, akaigeuza, akatabasamu. Nukta alikuwa amekaa benchi la mashahidi, ameitwa na Serikali kuthibitisha karatasi yao, na aliliona tabasamu lile. Alitamani ardhi ipasuke.

Walimwapisha. Alisema jina lake la kuandikishwa, na hata kwake lilisikika kama la mtu mwingine.

"Mzee," wakili wa binti alianza, kwa sauti ya mtu anayejua mwisho wa hadithi, "ni kweli kwamba kila kinachochapwa kiwandani kwenu huwekwa alama ya kazi?"

"Ni kweli."

"Na alama hiyo ni siku ambayo mashine imechapa, si siku ambayo mkubwa ametaka?"

"Ndivyo ilivyo."

"Naomba uisomee mahakama. Ukurasa wa mwisho, chini."

Alimkabidhi. Kijana hakuwa ameisoma mwenyewe. Maandishi yalikuwa madogo, na alikuwa na uhakika. Nukta alishusha miwani. Hakuhitaji kuishusha.

"Mashine ya pili," alisoma. "Tarehe tano."

Wakili alinyoosha mkono akachukua karatasi. Akaisogeza karibu na uso. Akaenda nayo dirishani penye mwanga. Ukumbi mzima ulimsubiri, na alipogeuka lile koti lilionekana kubwa zaidi. Alirudi polepole mbele ya kizimba cha shahidi.

"Mzee wangu," alisema, na safari hii hakuwa anauliza kama wakili. "Nakuuliza kama mtu mzima. Karatasi hii ilichapwa lini?"

Wakili wa Serikali akaruka juu. "Mheshimiwa Jaji, shahidi amejibu! Na taratibu za uchapaji wa amri hizi ni siri za usalama."

"Keti," Jaji alisema. "Swali linaruhusiwa." Aliweka kalamu chini. Alimtazama Nukta, na kwa kweli alikuwa anamtazama kama mtu anayeomba. "Jibu, mzee. Humu ndani hakuna wa kukugusa."

Humu ndani. Mgeni alikuwa amekaa safu ya tatu, shati limenyooshwa, miguu imekunjana, akimtazama bila chuki yoyote. Nyuma yake alikuwa fundi mitambo, ambaye hakuitwa na mtu, amekuja kwa nauli yake. Binti alikuwa safu ya mbele. Hakuwa anamtazama Baba Mdogo kwa hasira, hajafika huko bado. Alikuwa anamtazama kwa kumtia moyo, akitikisa kichwa kidogo, kama mzazi anavyomtikisia mtoto aliyesahau shairi mbele ya watu.

"Ni kama ilivyoandikwa," Nukta alisema.

 Jaji akachukua kalamu. Alisema mipaka ya Rais katika mambo ya usalama imo ndani ya Katiba na yeye ameapa kuilinda, ila mlinzi hufanya kazi na alichowekewa mezani. Gazeti linasema siku ya tano. Mpaka lithibitishwe vinginevyo, mahakama haiwezi kwenda nyuma ya Gazeti. Ombi limekataliwa. Aliyasoma hayo haraka, bila kuinua macho, akatoka kabla watu hawajamaliza kusimama.

Nje, kwenye ngazi, binti alipita karibu naye. Alisimama. Midomo ilitikisika kama anatafuta neno, na Nukta alilisubiri, akalitamani, neno lolote, hata tusi. Hakulisema. Aliinama akavua vile viatu vya kuazima, vilivyokuwa vinambana, akaenda peku kwenye lami.

Mgeni hakudanganya kuhusu dawa. Hilo ndilo lililomfanya Nukta ashindwe hata kumchukia vizuri. Wiki mbili baadaye binti alikuja nyumbani, akasimama mlangoni.

"Ingia, mama," mkewe Nukta alisema. "Unasimama nje kama mgeni?"

"Hapa panatosha, mama. Nimempata," alisema, akimwangalia mama mdogo wake tu. "Yuko gerezani, lile la nje ya mji. Wanasema ameanguka mara nne, mara moja kwenye saruji. Hawapokei dawa mpaka nipeleke nakala ya Gazeti yenye jina lake. Nimekwenda dirisha la mauzo, wameniambia hilo la tarehe tano halipo."

Halikuwapo kwa sababu zilikuwa kumi na mbili tu, na kumi na moja zilikuwa mahakamani na kwenye ofisi za wakubwa. Ya kumi na mbili ilikuwa kwenye kabati la usahihishaji. Nukta aliitoa kesho yake, akaikunja mara mbili, akampelekea mwenyewe, wakaongozana mpaka getini, binti akiwa hatua tatu mbele. Karani wa gereza alikuwa mtu wa kutafuta visingizio. Alisoma karatasi yote, akatafuta jina kwa kidole, akapiga muhuri, akapokea chupa. Karatasi akaitia kwenye jalada.

"Hiyo ni yetu," binti alisema.

"Ni ya jalada. Kila ukileta vitu unaleta na nakala. Mwezi ujao njoo na nyingine."

Kwa hiyo mwezi uliofuata Nukta alikwenda kwa fundi mitambo na kumwomba achape moja, siri, baada ya kazi za siku. Mzee yule alimtazama, akavuta mkono wa mashine, akachapa moja. Lakini roli lilikuwa chafu, wino ukavuja kidogo juu ya namba kumi na moja. Nukta aliuona. Akafikiri, si kitu, jina linasomeka, na akaona haya kumwomba mzee arudie. Karani wa gereza hakufikiri hivyo. Alisema jina lenye doa linaweza kuwa la mtu yeyote, akarudisha chupa. Wiki ile Fundi Redio alianguka akajing'ata ulimi, na tangu siku hiyo, binti alivyosimuliwa na mfungwa aliyetoka, haongei tena sawasawa.

Binti alikuja kiwandani na hiyo nakala yenye doa mkononi. Hakumwamkia. Aliinyoosha juu ya meza ya usahihishaji, akaweka kidole juu ya jina la mumewe.

"Nichapie nyingine," alisema. "Na safari hii hakikisha haina kosa, Mzee Nukta."

Hakuwahi kumwita hivyo. Nukta alisema sawa, na alipoletewa nakala mpya aliisoma mara tatu, tangu tarehe ya juu mpaka tarehe ya chini, huku binti amesimama pembeni akimsimamia.